Mlango Usio na Komeo

Wahunzi wa Hamrov, timu yetu ya mpira wa magongo wa barafuni, wakishinda nyumbani hawaendi kuoga kwanza. Hujipanga mstari mbele ya jukwaa letu, lile la nyuma ya goli ambalo mji mzima unaliita Chungu, na hapo sisi ndio wenye amri. Tukipaza sauti "Chini!" wanapiga goti juu ya barafu, wanaume wazima wenye mishahara minono na meno ya bandia. Tunanyamaza. Ngoma inaanza taratibu, inapanda, inapanda, halafu tunalipuka wote na wao wanaruka juu, magongo yanagonga barafu, na hapo ndipo ushindi unapokuwa ushindi. Kabla ya hapo ni matokeo tu.

Msimu ule, kuanzia Desemba, mmoja alikuwa haji. Kipa wetu, Matouš Bareš, alikuwa anavua kofia yake ya wavu, anakunywa maji, anateleza moja kwa moja hadi mlango wa kutokea, anapotea. Wenzake wanapiga goti, na nafasi yake inabaki wazi kama jino lililong'olewa.

Jino lile nililing'oa mimi.

Naitwa Radim. Mchana nasaga kingo za bilauri kwenye kiwanda cha vioo, na siku za mechi nilikuwa nasimama juu ya sanduku. Sanduku lenyewe ni kreti ya bia iliyofungwa kwa waya mbele kabisa ya Chungu, na anayesimama juu yake ndiye anayeanzisha nyimbo. Walionitangulia walikuwa watu wa sauti kubwa na maneno matatu. Mimi nilileta vina. Hakuna aliyenifundisha. Mwalimu wa lugha alinipa alama ya nne, na shuleni kwetu moja ndiyo ya juu na tano ndiyo ya kufeli. Nilijifunza mwenyewe, jiwe la kusagia likizunguka mbele yangu, nikihesabu mizani kwa vidole vya miguu ndani ya buti maana mikono ilikuwa na kazi. Siku hizi hata mwalimu yule anaimba beti zangu. Anasimama safu ya kumi na tano, na mimi huhakikisha ananiona.

Msimu ulianza vizuri, na hilo ndilo lililotuponza. Septemba tulishinda mechi nne mfululizo, na kuna watu walianza kuulizia basi la kwenda fainali. Golini alikuwa Ludvík Tesárek, mtu wa miaka thelathini na sita, mpana kama kabati. Kisahani kile cheusi cha mpira kikimjia, alikuwa kama anakimeza. Katikati ya Oktoba Tesárek alipiga msamba ili kuzuia kisahani ambacho tayari kilikuwa kinaenda nje. Msuli wa paja ukachanika. Alitolewa kwa machela huku akitutukana njia nzima, kwa sababu tulikuwa tunampigia makofi.

Akaingia Bareš. Miaka ishirini, mwembamba, masikio makubwa, katoka timu ya vijana ya mji ambao ilibidi tuutafute kwenye ramani. Mechi yake ya tatu ilikuwa dhidi ya Jelenov.

Jelenov ni kilomita kumi na nane kutoka kwetu, ng'ambo ya kilima. Wana hospitali yetu, wana mahakama yetu, na wao wanaona wana haki na kombe letu. Mama yangu ni mwanamke mpole, anasalimia hata paka, lakini mkate uliookwa Jelenov hauingii nyumbani kwake.

Tulifungwa saba kwa moja, tena nyumbani. Goli la tano lilipita katikati ya miguu ya Bareš polepole sana, kama mzee anayetafuta miwani. Pale juu ya sanduku nikawaka, na ubeti ukanijia mzima, na vina vyake na mizani yake, kama umeletwa kwa posta:

*Piteni, wageni wetu,*
*mlango hauna komeo;*
*Bareš ni mtu wa watu,*
*hafukuzi mgeni leo!*

Aliyeupa mdundo ni Bi Květa. Bi Květa anakaa dirisha la pili pale posta, ana miaka hamsini na saba, goti moja bovu, na ngoma kubwa ambayo marehemu mumewe aliipata kutoka bendi ya zimamoto. Aliusikiliza ubeti mara moja, akainua virungu, na mara ya tatu ukumbi mzima ulikuwa unaimba. Watu waliokwisha kuvaa makoti walirudi. Goli la sita tukaimba. La saba tukaimba huku tunacheka. Nilinunuliwa bia nne. Muuza soseji alinijazia haradali akakataa koruna zangu. Timu yangu ilikuwa imefungwa saba, na mimi nilirudi nyumbani napiga mbinja.

"Mbona unang'aa?" dada yangu Hedvika aliniuliza nilipoingia jikoni. "Tulishinda nini?"

Hedvika amenizidi miaka sita, na ndiye anayeendesha gari la kulainisha barafu kati ya vipindi. Huko nyuma ya ukumbi hakuna kinachompita.

"Wimbo wangu umeshika, dada! Hukusikia?"

"Nilisikia. Nilikuwa nimesimama na gari langu koridoni. Bareš alipita pale."

"Akasemaje?"

"Alikuwa anauimba."

"Si unaona! Hata yeye kaupenda!"

Hedvika alinitazama kama anavyotazama barafu yenye ufa. "Alikuwa anauimba kama mtu anavyokuna kipele, Radim. Kula ulale."

Shida ya wimbo mzuri ni kwamba haukai nyumbani. Wiki mbili baadaye tulisafiri kucheza ugenini, na mashabiki wa kule wakatupokea nao. Mechi iliyofuata, hivyo hivyo. Kiwandani mtu akidondosha bilauri, karakana nzima inaimba. Jelenov wakauandika kwenye kitambaa cha mita kumi na mbili, gazeti likapiga picha, nami nikaikata nikaibandika kwenye friji. Hedvika akaibandua. Nikaibandika tena. Nilijivuna, kwa nini nifiche? Ni washairi wangapi wamewahi kuandikwa mita kumi na mbili?

Kitu ambacho hatukukiona, kwa sababu tulikuwa tunaimba, ni kwamba Bareš alikuwa anaimarika. Mwanzoni tuliimba akifungwa matano. Kufika mwisho wa Novemba tulikuwa tunaimba akifungwa moja. Jumamosi ya pili ya Desemba tuliwapiga vinara wa ligi mbili kwa moja, na kijana yule alizuia visahani thelathini na nane. Kimoja alikizuia kwa kisigino, akiwa amelala kifudifudi, anatazama upande mwingine. Wachezaji wakaja, wakajipanga. Bareš akavua kofia, akalitazama Chungu kwa muda wa kuhesabu mpaka tatu, akaenda zake.

"Kabanwa na mkojo," mtu mmoja alisema.

Mechi ya nyumbani iliyofuata tulishinda tena, naye akaondoka tena. Safari hii hakuna aliyetaja mkojo. Bi Květa akaweka virungu vyake juu ya ngoma.

"Radim. Shuka."

"Nishuke wapi, Bi Květa?"

"Hapo juu. Shuka, mwanangu, kabla sijakushusha kwa hili goti langu zima."

"Nimefanya nini?"

"Miaka thelathini na moja nagonga ngoma hapa. Tumeshuka daraja mara mbili, tumepanda mara mbili, tumecheza nusu ya timu ikiwa inaharisha. Hajawahi mchezaji kukataa kuja kwetu. Kuna mmoja alivunjika taya, akaja, akapiga goti, akatabasamu kwa macho! Sasa sikiliza. Wewe uliutupa huo wimbo, wewe nenda ukautoe. Siku yule mtoto atakaposimama hapa mbele yetu, utapanda. Kabla ya siku hiyo, ubeti wako hata mmoja siupigii ngoma."

"Lakini na wewe uliupigia!"

"Niliupigia," alisema. "Unadhani hasira hizi nimezitoa wapi?"

Sanduku akapewa jamaa mmoja wa duka la matairi, ana kifua kama pipa na neno moja. "Hamrov!" anapiga kelele. Kimya. "Hamrov!" Basi. Mimi nilisimama safu ya nane, mikono mfukoni, namsikiliza. Sitaki kuyaeleza maumivu yale. Mtu aliyewahi kuona mgeni anavaa slipa zake atanielewa.

Nilidhani dawa ni nyepesi: wimbo unauawa na wimbo mwingine ulio bora zaidi. Nikatunga sifa za Bareš, beti tatu, tamu, nikawafundisha watu kwenye foleni ya bia. "Nzuri hiyo, nzuri sana," wakasema, wakachukua bia zao, Bareš akafungwa moja, wakaimba ule ule wa zamani.

"Nenda kamwombe radhi," Hedvika alisema.

"Mimi? Kafungwa saba na Jelenov, halafu mimi ndiye niombe radhi?"

"Basi baki safu ya nane. Kuna hewa nzuri huko."

Wiki ya Krismasi nikalegea kidogo. Nilijifungia bafuni, mahali pekee penye utulivu kwenye nyumba yetu ya vyumba viwili, nikakaa pembeni ya beseni la kuogea ambamo, kama desturi ya kwetu, samaki wa kuliwa Krismasi alikuwa akizunguka akisubiri siku yake, nikaandika beti nane za kumtuliza Bareš. Nilieleza joto la mechi. Nilieleza historia yetu na Jelenov. Nilieleza ugumu wa kupata kina cha jina lake. Samaki alinitazama muda wote akifungua mdomo na kuufunga. Hedvika akapeleka bahasha.

"Kasoma?" nilimuuliza jioni yake.

"Kasoma."

"Kasemaje?"

"Kasema mistari imenyooka. Halafu akaikunja mara nne akaiweka chini ya mguu wa meza yao ya kubadilishia nguo. Ilikuwa inayumba ile meza. Sasa hivi imetulia."

Januari na Februari sitazisimulia mechi moja moja, nisije nikawachosha kama zilivyonichosha. Washambuliaji wetu walisahau goli liko upande gani. Tulifungwa moja bila, mbili kwa moja, moja bila. Kila aliyekuwa na macho aliona kwamba bila Bareš tungekuwa tunafungwa sita sita, lakini macho na midomo havikuwa vimeelewana. Wimbo ulikuwa umeshakuwa mazoea, kama kukohoa ukumbini. Kufika Machi tulikuwa wa kumi na tatu kati ya timu kumi na nne, imebaki mechi moja. Hesabu ilikuwa hivi: tukipata hata pointi moja, tumepona. Tukikosa, tunakuwa wa mwisho na tunaingia kwenye mechi za kujinusuru dhidi ya bingwa wa daraja la chini, watu wenye njaa. Pointi moja unaipata kwa kumaliza vipindi vitatu mkiwa sare; ukifungwa baadaye katika dakika za nyongeza, haikuondoki.

Mechi hiyo moja ilikuwa Jumapili alasiri, nyumbani. Dhidi ya nani? Jelenov, bila shaka.

Jumamosi asubuhi Hedvika alinivuta blanketi. "Vaa suruali. Bareš anakuita uwanjani."

"Mimi? Imekuwaje aniite?"

"Nilimwambia kaka yangu ana kitu cha kusema ila kinamkwama kooni. Akasema mlete."

Timu ilikuwa imemaliza mazoezi. Ukumbi mtupu una sauti yake, mvumo wa mashine za baridi chini ya sakafu, na harufu ya glavu zilizolowa jasho. Bareš alikuwa katikati ya barafu bila vifaa vya kipa, ameshika gongo la kawaida, mbele yake visahani kumi vimepangwa mstari.

"Wewe ndiye Radim."

"Ndiye mimi. Nimekuja tuongee."

"Kwanza ingia golini."

"Mimi sichezi..."

"Najua huchezi. Ingia."

Hedvika alinifunga magodoro ya miguuni na kofia ya wavu. Alifanya haraka na kwa furaha iliyonitia mashaka. Nikatembea hadi golini kama bata. Na hapo, mimi niliyekuwa nimelitazama goli lile maisha yangu yote kutoka nyuma, niliona kwa mara ya kwanza linavyokuwa kwa mbele. Ni pana sana. Huwezi kuamini ni pana kiasi gani.

Kisahani cha kwanza sikukiona. Nilisikia wavu.

"*Piteni, wageni wetu,*" Bareš akaimba.

Cha pili kilipita juu ya bega. "*Mlango hauna komeo...*"

Aliendelea hivyo, kisahani na mstari, kisahani na mstari, bila haraka. Ana sauti nzuri, nzuri kuliko yangu, na nalisema hili mara moja tu. Cha nane kilinigonga paja kikaingia hata hivyo. Cha kumi kilikuja usoni. Kikagonga kofia, masikio yangu yakalia kama kengele za Pasaka, kisahani kikaruka pembeni.

"Nimezuia!" nilipiga kelele nikiwa chini.

"Umezuia," alikubali. "Kwa sura. Nayo ni mbinu."

Akaja akachuchumaa mbele yangu. Kwa karibu masikio yake yalikuwa makubwa zaidi.

"Ubeti wako mzuri," alisema. "Ndiyo shida yake. Ungekuwa mbaya ungekufa mwezi wa kumi na moja. Napiga mswaki, uko kichwani. Nalala, uko kichwani. Bibi yangu kausikia kwenye redio, anauimba akikanda unga. Anadhani mnanisifu. Anasema, 'Mjukuu wangu, mtu wa watu!' Nitamwambia nini?"



"Nisamehe," nikasema. Lilitoka dogo, limechakaa, halikuwa na kina wala mizani.

Bareš alitikisa kichwa polepole. "Uliniandikia beti nane. Nilitafuta hilo neno mle ndani. Halikuwemo."

Nikazipitia beti zangu haraka kichwani, mstari kwa mstari. Kweli. Nilikuwa nimeeleza kila kitu mpaka ugumu wa vina, na neno lenyewe sikuliandika.

"Kesho utakuja?" nilimuuliza. "Mbele ya Chungu?"

"Sijui." Akasimama. "Ulipokuwa unaimba, ulikuwa na watu elfu tatu mgongoni. Mimi nilikuwa huku peke yangu. Wewe ukiwa peke yako una sauti gani?"

Akateleza zake. Hedvika alinifungua kofia. "Una alama ya wavu kwenye paji la uso," alisema. "Inakupendeza."

Jumapili Jelenov walikuja mia sita, na kitambaa chao cha mita kumi na mbili. Dakika ya nane wakafunga, wakaimba, na aibu ni kwamba nusu ya Chungu waliimba nao, kwa mazoea tu, soseji mkononi. Kipindi cha pili tukasawazisha kwa kisahani kilichogonga watu wanne na labda refa. Kipindi cha tatu, dakika ya tano, wakafunga tena. Mbili moja. Kitambaa kikainuliwa, mia sita wakapanda juu ya viti:

*Piteni, wageni wetu...*

Safari hii upande wetu hakuna aliyeimba. Ukumbi ulikuwa umekata tamaa kiasi cha kusahau hata mazoea. Jelenov walipomaliza pakawa na kimya kifupi, kile cha kabla refa hajadondosha kisahani. Usiku uliotangulia nilikuwa nimetunga jibu. Sikuwa na sanduku, sikuwa na ngoma, nilikuwa na safu ya nane na mwanamke wa mbele yangu mwenye kofia ya sufu. Nikafungua mdomo.

*Wageni, poleni sana,*
*mlango una komeo;*
*msije kubisha tena,*
*hapiti mgeni leo!*

Sauti ilinivunjika kwenye "komeo" kama ya mbuzi. Watu wakageuka. Mtu akacheka, kisha wengi wakacheka, na wa Jelenov waliokuwa karibu wakacheka kuliko wote.

"Kaa chini, mshairi!"

"Kanywe maji, kaka!"

Sijawahi kuwa peke yangu namna ile, na watu elfu tatu na ushee wako mle ndani. Masikio yaliwaka moto. Niliwaza kwenda chooni nikae huko hadi Aprili. Badala yake nikaimba tena, toka mwanzo, na nikavunjika tena palepale.

Kule golini Bareš aligeuza kichwa. Makipa wote hugonga nguzo zao kwa gongo ili kujua wamesimama wapi. Ni tabia tu, hakuna anayeisikia. Akagonga nguzo ya kulia. Akagonga ya kushoto. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, chuma kikilia wazi vicheko vilipopungua, na mimi nikasikia kwamba anagonga mizani yangu. Nikaanza mara ya tatu. Mwanamke wa kofia ya sufu akadakia mstari wa pili. Bi Květa alinitazama kutoka kule chini kama anavyotazama kifurushi kisicho na stempu. Kisha akainua virungu.

Sitasema wimbo ulifunga goli. Goli alilifunga beki wetu wa kushoto, mtu aliyekuwa hajafunga goli tangu kabla hajaoa, zikiwa zimebaki dakika nne. Ila nasema hivi: Jelenov walipoanza ule wao, sisi tulikuwa tunaujibu, wao beti, sisi beti, hadi paa likatetema, na katikati ya kelele zile kijana yule wa masikio alizuia kwa glavu, kwa goti, kwa shingo, na mara moja kwa kuketi juu ya kisahani akakataa kuinuka. King'ora kikalia. Mbili mbili. Pointi yetu, tumepona.

Katika dakika za nyongeza, ambazo goli la kwanza ndilo linalomaliza mechi, sekunde ya arobaini, Jelenov wakafunga. Waliruka, wakakumbatiana, wakaanza kuimba, wakatukuta na sisi tunaruka, tunakumbatiana na kuimba nao. Walitutazama kama wehu.

Lakini kufungwa ni kufungwa. Mkifungwa hakuna kujipanga wala kupiga goti. Wachezaji huinua magongo kutoka mbali na kwenda kuoga. Wakainua, wakageuka. Bareš akavua kofia, akanywa maji, akateleza kuelekea mlango wa kutokea. Nilimhesabia hatua. Hedvika alikuwa mlangoni na gari lake, anasubiri barafu yake, na yeye pia alikuwa anamtazama.

Mlangoni akasimama. Akageuka. Akaja.

Alikuja peke yake, polepole, mpaka kwenye kioo cha mbele ya Chungu. Wenzake wakamwona, wakarudi mmoja mmoja nyuma yake. Jamaa wa matairi akajaza kifua ili apige kelele ya "Chini!" Bareš akainua glavu: ngoja. Kisha akanyoosha gongo juu ya vichwa vya watu, hadi safu ya nane.

"Wewe," alisema. "Chini."

Kwanza walicheka. Kisha wakaniachia nafasi pande zote, jambo ambalo kwenye Chungu halijawahi kutokea. Sakafu ilikuwa na bia, theluji iliyoyeyuka na haradali ya msimu mzima, nami nilikuwa nimevaa suruali yangu pekee ya maana. Nikapiga goti.

Hakuwa na haraka. Alivua glavu moja. Akavua ya pili. Akanywa maji. Akarekebisha mkanda wa mguu ambao haukuwa na tatizo. Bi Květa akaanza ngoma, taratibu kuliko nilivyowahi kumsikia maishani, pigo moja, unasubiri, pigo jingine, na nikaona kabisa anafaidi. Ukumbi mzima ulinitazama kichwani. Mwalimu wa lugha yumo, safu ya kumi na tano.

Ndipo Bareš akainua gongo. Niliruka, Chungu likaruka, naye akaruka juu zaidi ya sisi sote, masikio na kila kitu, akaangukia barafu akicheka.

"Panda," Bi Květa aliniambia nilipofika mbele.

Jamaa wa matairi alishuka mwenyewe. "Afadhali urudi, bwana. Koo langu limekwisha."

"Una haradali gotini," Bi Květa akaongeza.

Nikapanda. Watu elfu tatu walinitazama wakisubiri ubeti. Timu ilisubiri. Bareš alisubiri, gongo mkononi. Nilitafuta kichwani kina kimoja tu, chochote, na kulikuwa kweupe kama barafu baada ya Hedvika kupita.

"Hamrov!" nikapiga kelele.

Kimya.

"Hamrov!"